Mti Namba Kumi na Saba

Je, umewahi kuuona mti uliokufa ukiwa bado na rangi ya kijani? Si wengi waliouona. Chukua saipresi ya miaka miwili, ile inayomfikia mtu mzima magotini. Ifukue kidogo kwa vidole, ingiza kisu cha kumenyea viazi, kata mzizi mkubwa upande upande, kisha rudisha udongo na ukandamize kwa kisigino. Mti huo utasimama wima wiki tatu, hata nne, kwa baridi ya huku mlimani Tetu. Ndege atatua juu yake. Umande utaushika kila asubuhi. Mpita njia atasema, huu unaendelea vizuri. Na kumbe ulikwisha zamani.

Wakonyo alikuwa ameikata hivyo miti thelathini na minne, mwanzo wa Februari mwaka wa 1985, kwa asubuhi mbili, akijifanya anapalilia viazi. Alipomaliza aliosha kisu mara tatu, na jioni ile alishindwa kukitumia. Viazi vya chakula alivimenya kwa kucha.

Shamba halikuwa lake. Hakuna mtu wa kijiji kile cha msitu, juu ya Wamagana, aliyekuwa na shamba lake mwenyewe. Serikali ilikata msitu wa zamani, ikawagawia watu vipande walime viazi, na katikati ya viazi wapande miche ya saipresi na kuitunza. Miaka mitatu ikiisha unatoka, kabla matawi hayajakutana na kulifunga jua, unakwenda kungojea kipande kingine ambacho huenda kikaja na huenda kisije. Lakini kama zaidi ya nusu ya miche imekufa, kipande kinapandwa upya na wewe unabaki. Sheria hiyo kila mtu aliijua. Na nyingine waliijua zaidi: anayeua miti kwa makusudi anaondoka, yeye na nyumba yake, maana hata nyumba ilisimama kwenye ardhi ya msitu.

Miaka mitatu ya Wakonyo ilikuwa iishe mwezi wa sita. Alipopewa kipande alikuwa amehesabu kwa vidole kwamba mtoto wake wa pekee, Wachuka, angekuwa ameshamaliza darasa la saba. Kisha redio ikatangaza kwamba shule ya msingi sasa itaishia darasa la nane, si la saba tena, na shule ikadai wazazi wajenge chumba cha ufundi, wanunue nyundo na randa, na sare mpya juu yake. Vyote hivyo vilikuwa vitoke kwenye viazi. Bila viazi Wachuka angerudi nyumbani, kama waliorudi wengine wanne kijijini pale tangu Januari.

Kwa hiyo akaikata, zaidi ya nusu. Na hilo lingekwisha hapo, ukame ungesingiziwa, maana mwaka uliotangulia watu walikula mahindi ya njano ya msaada na kila kitu kilikufa chenyewe. Lakini mwisho wa Februari ile ile, Mwalimu Wasike wa sayansi aliwapandisha mlimani watoto arobaini na wawili wa klabu ya miti. Kijito cha shule kilikuwa kimepungua hadi unene wa mkono, na maji yake yalikuwa na rangi ya chai. Mwalimu alisema dawa ni miti iliyo juu ya chemchemi, na kila mtoto achague mmoja autunze. Walikuwa wamekata vibati kwenye makopo ya mafuta ya kupikia na kuviandika namba kwa msumari.

Wachuka aliingia shambani mwa mama yake, akazunguka, akainama, akatazama kama mnunuzi wa mbuzi sokoni.

"Mama, huu ndio mzuri kushinda yote," alisema, akaufunga kibati. Namba kumi na saba.

Wakonyo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, jembe mkononi. Mti ule ulikuwa na siku kumi na sita tangu ukatwe. Akaendelea kupalilia.

*

Mvua za Aprili zilikuja, na ndipo hofu ilipoanza sawasawa. Mvua ilimwagika, nyasi zikaota hadi kwenye paa za nyumba, lakini miti ya Wakonyo ikabaki kahawia kama majani ya chai yaliyokwisha kukamuliwa.

Siku ya Jumatatu Wachuka alirudi kutoka shule mbio, soksi zimejaa tope. Baba yake, Mutahi, alikuwa amekaa kwenye kigoda akinywa uji. Alikuwa kibarua wa kitalu cha idara ya misitu, na miche ile yote aliijaza udongo kwa mkono wake mwenyewe, mmoja mmoja, ikiwa midogo kama kijiti cha kiberiti.

"Baba! Ijumaa tunachimba!"

"Mnachimba nini?"

"Miti yenye imekufa. Mwalimu amesema mvua imenyesha, basi si ukame. Tunataka kujua ni mdudu ama ni ugonjwa. Foresta mwenyewe, mkubwa wa msitu wote, anakuja, na mimi ndiye katibu. Nitaandika kila mzizi."

Sufuria ilikuwa mikononi mwa Wakonyo. Aliirudisha mekoni.

"Mizizi inaandikwaje?" aliuliza.

"Unaangalia, Mama. Kama ni mchwa, unaona ameguguna. Kama ni ugonjwa, unaoza. Kama ni panga..." Wachuka alicheka. "Lakini nani atakata mti wa mtoto wa shule?"

Mutahi hakucheka. Aliweka kikombe chini polepole.

"Watu wanakata," alisema. "Umesahau mwaka juzi, wakati Ndungu alipofukuzwa? Walipata miti iliyokatwa kumi na miwili tu. Kumi na miwili! Askari walibomoa nyumba saa nne asubuhi, mke wake akiwa amebandika githeri. Akatoka na sufuria kichwani, moto moto, mahindi hayajaiva. Wako wapi sasa? Mmoja anasema Kagio, mwingine Kangari. Na mimi ndiye niliambiwa nibebe mlango, kwa sababu ni mfanyakazi." Akamtazama mkewe. "Mama Wachuka, shamba letu imekufa miti ngapi?"

"Sijahesabu."

"Hesabu. Nisiulizwe kazini nikae kama mjinga."

*

Mchana wa Jumanne Wakonyo alikutana na Wangechi kijitoni. Wangechi alikuwa jirani wa shamba la pili, mwanamke mnene wa maneno mengi, ambaye watu walisema redio ikiisha betri yeye huendelea na matangazo. Siku hiyo alikuwa kimya. Alichota maji, akayamwaga, akachota tena.

"Ati Ijumaa watoto wanachimba," alisema mwishowe.

"Nimesikia."

"Kwako ni nini? Mimi naona ni mchwa."

"Mchwa," Wakonyo alisema upesi. "Mchwa ni wengi mwaka huu."

"Wengi sana! Wananilia hata miguu ya kitanda." Wangechi alicheka, akaacha ghafla. "Na huyo mwalimu wa Bungoma, kwani kwao hakuna miti ya kuchimba?"

"Anafundisha watoto."

"Afundishe hesabu! Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu na sikuchimba mti."

Wakasaidiana kubeba mitungi, kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake. Wakonyo alitembea akiwaza kwamba Wangechi amejua. Alikuwa na jicho kali, Wangechi. Huenda alimwona ile asubuhi ya kwanza. Huenda ameshasema.

Alipofika nyumbani alimkuta Mathenge, askari wa msitu, ameketi kwenye kile kigoda cha Mutahi, bunduki imelala magotini, akinyonya meno.

"Mama, huku hakuna chai?"

Alimpikia chai. Aliweka maziwa yote yaliyokuwapo. Mathenge alikunywa, akasimama, akachungulia ndani ya nyumba bila kuomba, akaona viazi kwenye gunia.

"Hizi ni za mwisho za shamba hili, si ndiyo? Mwezi wa sita mnatoka."

"Ndiyo, afande."

"Nifungie kidogo. Mke wangu anapenda za mlima. Hapana, si hizo ndogo, hizo ni za kuku. Hizi. Ee. Na kitunguu."

Wakonyo alipiga magoti mbele ya gunia akichagua viazi vikubwa, kimoja kimoja, na yule kijana aliyeweza kuwa mdogo wake wa mwisho alisimama juu yake akionyesha kwa ncha ya kiatu. Siku nyingine angemjibu. Wakonyo hakuwa mtu wa kukosa jibu. Mwaka uliopita alimfukuza karani wa ushirika kwa mwiko. Siku hiyo alisema, "Nikuongezee kabichi, afande?"

"Ongeza." Mathenge alitupa mfuko begani. "Na Ijumaa tutajua mambo. Foresta amekasirika. Amesema safari hii hatasikiliza machozi ya mama yeyote."

Alipopotea njiani, Wakonyo alirudi kwenye gunia akahesabu viazi vikubwa vilivyobaki.

*

Wakonyo alikuwa amepata shauri moja. Mzizi uliokatwa zamani una kidonda cheusi, kilichokauka. Lakini jembe likishuka kwa nguvu na kukata juu kidogo ya kile kidonda, kutabaki mkato mpya, mweupe, na yeyote atasema ni jembe la leo. Kama angepata kuchimba yeye, angeweza kuificha yote. Ilikuwa lazima achimbe yeye.

Na kama vile mtu amemsikia, Alhamisi saa kumi Mwalimu Wasike akaja. Alikuwa mrefu, amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, kwa maana baridi ya mlima hakuizoea hata baada ya miaka sita. Aliinama mlangoni.

"Hodi, Mama. Nimekuja kukushukuru."

"Kunishukuru?"

"Wachuka. Katika watoto wote wa klabu, hakuna kama yeye. Mti wake umekufa, na bado anapeleka maji kila jioni. Nilimwambia, mtoto, huo umekwenda. Akaniambia, Mwalimu, labda umelala." Mwalimu alicheka kidogo, akafuta pua kwa leso. "Nikasema, mtoto kama huyo ana mama. Kwa hiyo kesho tungetaka wewe ndiye mzazi wa kufungua. Utashika jembe la kwanza."

Wakonyo aliona dunia imempa mkono. Akashukuru, akamkaribisha, akamtafutia ndizi. Mwalimu alipoondoka, Wakonyo akamwita Wachuka, lakini mtoto hakuitika. Akajua yuko wapi.

Alimkuta shambani, amechuchumaa mbele ya namba kumi na saba, mkebe wa maji mkononi ingawa udongo ulikuwa umelowa mvua. Kibati kilikuwa kimefutwa kikang'aa.

"Mvua si inanyesha?" mama aliuliza. "Maji ya nini tena?"

"Nimezoea." Wachuka hakugeuka. "Mama, wewe ulikuwa hapa siku ile nikiuchagua. Uliona kama una shida?"

Kweli ilikuwa pale, midomoni mwa Wakonyo. Angeweza kuisema kwa mtoto tu, wakiwa wawili, bila foresta na bila bunduki. Aliona shingo ya Wachuka, nyembamba, kola ya sare imegeuzwa na kushonwa upya. Aliona mlango ukibebwa na Mutahi mwenyewe, mlango wao.

"Sikuona kitu," alisema. "Twende, ukungu unashuka."

*

Ijumaa kijiji kizima kilipanda. Watoto arobaini na wawili walisimama kwa mstari, wameimba njia nzima. Foresta Dishon alikuwa mtu mfupi mwenye kofia na daftari la ngozi, na Mathenge nyuma yake. Mutahi na vibarua wenzake wa kitalu waliitwa waache kazi waje wajifunze. Wangechi alisimama mbali, kanga imemfunga hadi mdomoni. Shamba la Wakonyo lilikuwa la kwanza. Baada yake la Wangechi, kisha mengine manne, yote juu ya chemchemi.

Wakonyo alikuwa amenoa jembe. Alilishika kwa mikono miwili, akajitokeza kabla hajaitwa, akaliinua juu ya namba kumi na saba.

"Ngoja, ngoja, Mama!" Mwalimu Wasike alipiga mbio, sweta zikipepea. "Jembe lilikuwa la kufungulia tu. Tukilitumia tutaukata mzizi wenyewe, na hatutajua kilichouua. Leo ni mikono tu. Watoto, mikono! Mama ameshafungua, mpigieni makofi."

Watoto walipiga makofi. Jembe lilibaki juu sekunde moja, mbili, halafu Wakonyo akalishusha taratibu kando ya mguu wake. 

Wachuka alipiga magoti. Alichimba pembeni kwa vidole, kwa uangalifu, kama mtu anayetafuta yai. Kisha akaushika mti shinani kuujaribu, na mti ukatoka wenyewe. Haukung'ang'ania hata kidogo. Ulitoka kama kijiko kutoka kwenye uji.

Aliupindua, akapangusa udongo kwa kidole gumba. Mkato ulikuwa wa upande upande, laini, mweusi.

"Mwalimu," alisema. Akamnyooshea mti.

Mwalimu aliuchukua, akautazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alimpa Foresta. Foresta aliuzungusha, akaunusa, akamrudishia mtoto.

"Ingine," alisema.

Watoto waliokuwa na miti katika kipande kile walichimba. Namba tisa, namba thelathini, namba nne. Kila mmoja ulitoka kama wa kwanza. Mutahi alikuwa amekunja mikono kifuani, aliifungua, ikaning'inia. Aliangalia mikato ile. Kisha akamtazama mkewe, si usoni bali mikononi, kana kwamba ndiyo anaiona mikono ile kwa mara ya kwanza.

 Wakonyo alimngojea Wangechi aseme. Alimngojea Mathenge amshike mkono. Alijiambia, sasa. Sasa hivi.

"Shamba la pili," Foresta alisema.

Kwa Wangechi, mtoto wa kwanza aliyechimba alikuwa wa Wangechi mwenyewe, kisichana cha darasa la tano. Mti ulitoka kwenye mkono wake bila kazi. Mkato laini, mweusi. Wa pili vivyo hivyo. Wangechi alishusha kanga kutoka mdomoni akamtazama Wakonyo, na Wakonyo akamtazama, na kwa mara ya kwanza wiki ile macho yao yalikaa pamoja.

Shamba la tatu, kadhalika. La nne walikuwa wamekata kwa panga badala ya kisu. La tano walimwagia maji ya moto, mizizi ilikuwa imeiva kama mboga. La sita lilikuwa la mzee Kihara, mzee wa kanisa, anayesoma Neno la Jumapili. Miti yake kumi na tisa, yote imekatwa.

Hakuna aliyekuwa anaimba sasa. Watoto walisimama mteremkoni, kila mmoja na mti wake mkavu na kibati chake, na kila mmoja alikuwa ametambua ni shamba la nani. Mvulana mmoja alianza kulia, akaacha. Walisimama vile, wakiwatazama mama zao na baba zao, na wakubwa wakatazama viatu vyao. Chini, maji ya rangi ya chai yalisikika yakipita kwenye mawe. Machache.

"Mchwa," Foresta Dishon alisema. "Niliambiwa ni mchwa. Mchwa wa hapa wana visu. Wana masufuria ya kuchemsha maji." Mathenge alicheka peke yake. Foresta alifungua daftari akaanza kuandika, na kila alipoandika alitaja kwa sauti. "Kipande cha kwanza, Mutahi. Huyu anakula mshahara kwangu! Cha pili..." Akaandika yote sita. "Jumatatu asubuhi nisikute moshi hata wa nyumba moja kati ya hizi. Na huyo Mutahi asije kazini."

"Bwana Foresta," Mwalimu Wasike alianza, "hawa ni wazazi wa..."

"Mwalimu, wewe uliniita nione ugonjwa. Nimeuona." Alifunga daftari. Alionekana amekasirika, lakini pia amechoka, kama mtu aliyekuja kuchukua mwizi mmoja akakuta soko zima. Akawageukia wale wakubwa. "Mimi sielewi. Nyumba mmepewa. Kazi mmepewa. Udongo mweusi namna hii, bure. Mlikuwa mnataka nini kingine? Ee? Nawauliza. Mlitaka nini?"

Hakuwa anauliza. Watu wa cheo huuliza hivyo wanapoondoka, na wote walijua hakutakiwi jibu. Mzee Kihara alivua kofia. Wangechi alipandisha tena kanga mdomoni. Foresta alikuwa ameshageuka.

Wachuka hakuwa akimtazama Foresta. Alikuwa anamtazama mama yake. Kalamu ya ukatibu ilikuwa bado sikioni, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa unangoja tu, kama alivyongoja kila jioni na mkebe wake.  Wakonyo aliogopa kuliko Jumatatu, kuliko wakati wa viazi vya Mathenge. Alijua kwamba atakayesema ndiye atakayekumbukwa.

"Mwaka mmoja," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Foresta alisimama, akageuza kichwa tu.

"Umesema?"

"Umeuliza tulitaka nini."  Wakonyo aliacha jembe likaanguka, akamwonyesha Wachuka kwa mkono mzima, mkono wenye udongo. "Huyu mlimwongezea mwaka wa shule, Bwana. Darasa la nane. Mimi shamba hamkuniongezea. Nilitaka mwaka mmoja wa viazi, huyu amalize. Mwaka mmoja tu. Ni hiyo nilikuwa nataka."